Mwezi wa Funza

Olszanka, 2 Juni 1993

Kwako Mama Mkubwa Otylia,

Shikamoo. Mwandiko huu huujui, kwa hiyo naanza na jina. Mimi ni Zyta, mtoto wa mdogo wako Felicja. Ulipotutembelea mara ya mwisho nilikuwa na miaka mitatu, na Mama anasema nilijificha chini ya meza mpaka ulipoondoka. Tabia hiyo haijaisha, ila meza za nyumbani zimekuwa ndogo.

Hapa hatujambo. Baba bado yuko kwenye kiwanda cha mbao na mgongo unamsumbua. Mama naye hajambo. Nilipomwambia nataka kukuandikia alisema, "Andika, mkono ni wako," akaendelea kumenya viazi. Sijui kati yenu kuna nini na siulizi. Bibi tulimzika miaka minne iliyopita. Nadhani uliambiwa.

Nimemaliza shule. Mitihani ya kuandika niliiweza, lakini kwenye ule wa kuzungumza nilisimama mbele ya walimu watatu nikanyamaza mpaka mmoja akaniletea maji. Walinipitisha kwa huruma. Chuo cha lugha cha Lublin kitanifikiria mwakani iwapo mtu wa kuaminika atanisifu kwa barua. Mtu huyo ni Bwana Ksawery Dolata, mkuu wa nyumba ya makumbusho ya hapa mjini, na nimeanza kumfanyia kazi.

Mwezi wa kumi atafungua maonyesho yanayoitwa "Wekundu Wetu". Kutakuwa na nguo nyekundu za zamani, na ukutani kutabandikwa kadi zinazoonyesha jinsi sisi Wapolandi na ndugu zetu wa lugha, Wacheki, Wabulgaria, Waserbia na wengine, tunavyoita rangi nyekundu, na neno hilo lilitoka wapi. Kadi ni kazi yangu. Katikati ya ukumbi itatundikwa shali ya Bibi, ile nyekundu ya sufu. Mama amekubali kuitoa. Mimi nataka jambo moja tu katika maonyesho haya yote: chini ya shali liandikwe jina la Bibi. Mpaka leo limeandikwa mahali pamoja tu, napo ni kaburini.

Sisi funza tunamwita cherv, nyekundu chervoni, na mwezi huu cherviets. Tafadhali niambie Wacheki wanamwitaje funza, rangi nyekundu wanaiitaje, na mwezi huu tulio nao wanauitaje. Samahani kwa kukusumbua kwa jambo dogo.

Mtoto wa mdogo wako,
Zyta


Litovel, 29 Juni 1993

Zyta mwanangu,

Marahaba. Barua yako imezunguka karibu wiki nne kwa sababu kwenye bahasha umeandika nchi iliyogawanywa mbili na ambayo tangu Januari haipo tena. Postamasta alinikabidhi huku anacheka: "Mama Otylia, una ndugu wanaoishi mwaka jana."

Mimi ni mzima kiasi. Baba yako mkubwa Bohuš alifariki mwaka juzi wakati wa theluji. Nimestaafu kwenye kiwanda cha uchapaji, ambako kwa miaka thelathini nilisahihisha makosa ya watu wengine. Miguu inavimba. Paka amezaa ndani ya kabati la vyombo.

Sasa maneno yako. Funza hapa ni cherv. Nyekundu ni cherveni. Mwezi wa sita ni cherven na wa saba ni chervenets, kwa hiyo ninyi mna mwezi mmoja wa funza, sisi tunayo miwili. Jirani yangu Dimo ni Mbulgaria. Baba yake alikuja huku kulima mboga kabla ya vita. Nilipomwuliza nyekundu kwao ni nini, alichukua nyanya akanisogezea puani. "Cherven! Ulidhani tunaiitaje, kijani?" Funza kwao ni chervei. Mkewe Radmila ni Mserbia, akadakia kutoka jikoni: "Sisi tunasema tsrven, na funza ni tsrv. Na wewe mzee, rudisha nyanya yangu, hapa si shuleni." Waandike kwa majina kwenye kadi zako. Mtu akikupa neno, andika kalitoa nani.

Sababu Bwana Dolata wako anaijua. Kuna mdudu mwekundu anayekaa kwenye mizizi, na wazee wetu wote walimwita funza. Alichimbwa mwezi huu, akakaushwa, akapondwa, ikapatikana rangi. Mdudu alitangulia, rangi ikachukua jina lake, na mwezi ukafuata. Watu walipotawanyika, kila mmoja aliondoka na funza yuleyule mdomoni.

Kuhusu shali sina la kusema.

Msalimie mama yako, akikubali kusalimiwa.

Otylia


Olszanka, 12 Julai 1993

Mama Mkubwa,

Shikamoo, na pole sana kwa kufiwa. Hatukujua. Nilipomwambia Mama, aliketi juu ya ndoo akauliza, "Lini?" Nikamwambia. Akasema, "Alikuwa anapenda uyoga," kisha akaenda kuanua nguo ambazo bado zilikuwa mbichi.

Dimo na Radmila nimewaandika kwa wino mweusi. Wasalimie sana.

Tangu hapo nimejifunza mambo ambayo ningefurahi kuyasahau. Siku ya Mtakatifu Yohane, mwishoni mwa Juni, Bwana Dolata alitupeleka kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya reli, mimi na maskauti kumi na wawili. Huko kunaota mmea mdogo wa kutambaa, usio na sura. Ukiung'oa, kwenye mizizi unaona vidonge vya zambarau, vya ukubwa wa punje ya mtama. Nilidhani ni mbegu. Nikakibana kimoja kwa kidole, kikapasuka, kikanimwagia chini ya ukucha ute mzito wa rangi ya damu. Kilichofuata kilikuwa tayari kina miguu, nayo ilikuwa inacheza. Tulivijaza kwenye bakuli na Bwana Dolata akavimwagia siki iliyochemka. Harufu yake siwezi kuieleza vizuri. Ni kama kabati la nyama lililofungwa kiangazi kizima. Msichana mmoja alitapika kwenye kofia yake. Bwana Dolata akapiga makofi: "Watoto, hii ndiyo harufu ya joho la mfalme!" Halafu akafungua karatasi yake ya samaki wa chumvi akala palepale, karibu na bakuli.

Samaki huyo humla kila siku juu ya kadi zangu. Kadi ya Dimo imeshapata doa la mafuta. Nimeisugua kwa chumvi, na sasa nikiishika nasikia kinyaa, na maskini Dimo hana kosa lolote.

Uwanja ule sasa ni kama umechakurwa na kuku elfu. Mimea yote imetupwa, mizizi juu, imekauka. Mama alipita siku ya pili akarudi na uso mweupe. Akaniuliza, "Mmeitupa?" Nikasema tulihitaji wadudu tu.

Neno la Kibelarusi nimelipata sokoni kwa mama mmoja anayevuka mpaka na sufuria. Anaitwa Alesia. Nilimwuliza kwa sauti yangu hii, akanijia juu: "Binti, sema na watu! Unaniuliza bei au unaungama dhambi?" Nikarudia. "Aa! Chirvoni. Na mwezi ni cherven, na mdudu ni charviak, na sufuria hii haishiki chini. Chukua." Nilichukua kifuniko.

Sasa swali langu. Kwenye pindo la shali ya Bibi kuna herufi tano zilizoshonwa kwa uzi wa rangi ileile ya shali. Vidole huziona kabla ya macho. Si herufi zetu, ni zile za ng'ambo ya mto wa mpakani. Nilimwuliza Mama, akasema ni uchafu wa uzi. Lakini uchafu haujipangi mstari mmoja. Wewe ulikua na shali hiyo. Unazijua?

Zyta


Olszanka, 21 Agosti 1993

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Hujanijibu. Labda barua imepotea, au miguu imezidi, au sikupaswa kuuliza. Nakuomba radhi kwa yote matatu kisha nauliza tena.

Baba alilazwa hospitalini siku nne kwa ajili ya mgongo, ametoka, anatembea na fimbo na kulalamikia supu. Maboga yamezaa mno mwaka huu, tunawapa hata watu tusiopatana nao.

Juma lililopita Bwana Dolata alinionyesha ukuta wa kadi. Kadi za Mama Alesia hazikuwepo, wala za upande wa Ukraina. Nilizikuta kwenye kapu, chini ya mifupa ya samaki.

"Hizo za mashariki tutaziacha," alisema.

"Kwa nini, Bwana?"

"Watu wa hapa wana kumbukumbu za vita, binti. Hawaji kwenye sherehe yao ili wakutane na hao ukutani."

"Lakini neno ni moja."

"Ndiyo maana."

Akaniambia pia kwamba habari ya funza itapunguzwa. Amesikia kwamba Mrusi huita nyekundu krasni, na kwa Mcheki krasni ni mtu mzuri wa sura, basi anataka kadi kubwa ya mlangoni iseme kwamba wekundu wetu ulizaliwa na urembo. Nikasema hilo ni neno jingine kabisa, letu lina mdudu ndani. Akasema, "Nani atavaa tai aje kuangalia mdudu?"

Kisha nikaona kibao cha shali. Kimeandikwa: "Shali ya sufu. Kazi ya mwanamke asiyejulikana." Nikasema anajulikana, ni bibi yangu, nilikuwa nalala naye kitanda kimoja, alikuwa anakoroma. Bwana Dolata akafuta vidole akaniambia kwa upole, na upole wake ulinichefua kuliko samaki: "Mama yako ndiye aliyeomba iandikwe hivyo. Na barua yako ya chuo, Zyta, ningependa kuiandika nikiwa na furaha."

Nilikimbia nyumbani. Mama alikuwa ameketi dirishani, shali mapajani, alikuwa ameichukua kutoka makumbusho "kuisafisha". Alikuwa anafumua zile herufi kwa sindano. Alikuwa amebakiza moja. Hakushtuka. Alimalizia ile ya mwisho mbele yangu, akapuliza nyuzi kutoka kwenye sketi kama anayepuliza nywele za mbwa.

"Mama, ile ilikuwa nini?"

"Hakuna kitu. Sasa ni safi."

Nilimwangalia mama yangu nikasikia kinyaa, kilekile cha ute chini ya ukucha. Sijawahi kuandika sentensi kama hiyo na naomba uichome ukishaisoma. Lakini ni kweli, na wewe uliniambia niandike kalitoa nani.

Nyuzi zimetoka, matundu ya sindano yamebaki. Niliweka karatasi juu yake nikasugua kwa penseli. Karatasi hiyo imo humu. Nisomee. Bibi alikuwa nani?

Zyta


Litovel, 8 Septemba 1993

Zyta mwanangu,

Barua haikupotea. Ilikaa chini ya sahani ya paka tangu Julai, kwa sababu mimi ni mwoga.

Herufi hizo zinasomeka Motria, maana kwao "ia" ni herufi moja. Ndilo jina lake. Alizaliwa ng'ambo ya mto, upande wa Ukraina, akasali kwa lugha ya ng'ambo ya mto, akaolewa na babu yako Mpolandi. Mwaka arobaini na saba watu wa lugha yake walipakiwa na serikali kwenye mabehewa wakapelekwa mbali, vijiji vizima. Yeye alibaki kwa sababu padri alimwandikia karatasi mpya yenye jina Maria, na babu yako akatukataza kutamka lile la zamani hata tukiwa kitandani. Mama yako alikuwa na miaka miwili. Hofu hiyo aliinyonya pamoja na maziwa. Usimchukie. Kuna mtu mwingine anayestahili zaidi.

Kila mwaka, mwezi wa funza, mama yetu alikwenda kwenye ule mchanga na kijiko cha mbao. Aliuinua mmea, akawatoa wadudu, ila si wote, kisha akaurudisha mmea shimoni, akaukandamiza kwa kisigino na kuusemesha. Mama yako alikuuliza kama mmeitupa. Sasa unajua alikuwa anauliza nini. Na neno alilotumia kwa mdudu lilikuwa lilelile mnalotumia ninyi, na sisi huku, na Dimo. Mtu anayeishi kati yetu wote asingesikia mpaka ndani ya neno hilo.

Mikono yake ilikuwa ya zambarau mpaka Septemba na ilinuka siki na kitu kilichooza. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shuleni waliniita mtoto wa funza. Siku moja alikuja getini kuniletea mkate niliosahau. Wasichana wakaziba pua. Mmoja, sitaki kumtaja hata sasa, akauliza, "Otylia, nani huyo?" Nikasema, "Mtumishi wetu."

Alisikia. Aliweka mkate juu ya nguzo ya geti akaondoka.

Jioni ile alinipakulia chakula mimi wa kwanza, kabla ya baba, akasimama nyuma ya kiti changu na kitambaa mkononi, kama mtumishi anavyosimama. Nikala. Niliweza kula, Zyta. Hakusema neno siku hiyo wala siku nyingine. Lakini mwaka huohuo alishona jina lake kwenye pindo la shali, na nilijua anamshonea nani.

Ndiyo sababu niliolewa mbali. Ndiyo sababu sikuja kuzika. Miaka thelathini nimesahihisha makosa ya wengine kwa wino mwekundu, na ukiniuliza kinyaa kinakaa wapi, nitakuonyesha mahali pake.

Bwana Dolata wako anaandika "asiyejulikana". Mimi nilisema "mtumishi". Mama yako anafumua. Sisi watatu ni kitu kimoja.

Siku ya harusi yangu alinipa chupa ya wadudu wakavu, akafunga kizibo kwa nta. Sijawahi kuifungua. Naituma kwa posta nyingine. Fanya uonavyo, sikuamuru.

Mama yako mkubwa,
Otylia


Olszanka, 3 Oktoba 1993

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Baba ametupa fimbo. Mama anachachusha kabichi kwenye pipa na nyumba nzima inanuka, kwa hiyo hakuna aliyegundua kinachonuka chumbani kwangu.

Chupa imefika. Watu wa forodha waliifungua, wakanusa, wakaandika kwenye karatasi: "Viungo vya chakula." Namwombea mema aliyeonja.

Barua yako niliisoma mara tatu. Mara ya kwanza nilikukasirikia mpaka meno yakauma. Sitasema si kitu, kwa sababu ni kitu. Nilidhani wewe ndiye mtu wa nje ninayeweza kumwamini, kumbe na wewe umo. Nilikaa siku mbili bila kutaka kukuandikia, wala kuzungumza na Mama, wala kumtazama Bwana Dolata. Karibu kila mtu alinitia kinyaa. Halafu nikakumbuka kwamba tangu Julai nilijua Mama anaficha kitu, na nilinyamaza ili nisiharibu barua yangu ya chuo. Nikajiongeza kwenye orodha, tukawa wanne.

Basi nimewaponda wadudu wa chupa. Walilia chini ya mwiko kama chumvi ya mawe. Nimewaloweka kwenye maji ya pumba zilizochacha, nikachemsha uzi wa sufu kwenye sufuria ya Mama Alesia. Nilirudi kununua sufuria, kifuniko nilikuwa nacho. Povu lake ni la kijivu na lina vipande vya miguu. Nilifungua dirisha nikatapika mara moja, kwa utaratibu, nikaendelea. Uzi ulipotoka ulikuwa na rangi ambayo dukani haipo.

Nilikwenda pia kwenye mchanga. Mimea mingi imekufa. Nilipata ishirini na moja yenye mizizi mibichi bado, nikairudisha ardhini kwa kisigino. Sikujua Bibi alikuwa anaisemesha nini, nikasema samahani.

Maonyesho ni tarehe kumi na saba. Tangu nilipopata barua yako jambo ninalolitaka halijabadilika, ila jina ndilo limebadilika. Naogopa sana.

Zyta


Olszanka, 24 Oktoba 1993

Mama Mkubwa,

Shikamoo. Sisi wazima. Nakueleza yote kama yalivyokuwa.

Jumamosi Bwana Dolata alinipa ufunguo nikafagie ukumbi. Nilifagia. Halafu nikaketi chini ya shali nikashona herufi tano kwa kufuata matundu. Pindo lilikuwa limekunjwa na kubanwa kwa pini, nikalikunjua. Kadi zilizokuwa kwenye kapu niliziandika upya na kuzirudisha ukutani, ya Mama Alesia pale mbele. Kibao nilikigeuza nikaandika nyuma yake jina la Bibi. Chini ya yote niliweka sahani nyeupe yenye funza wa Juni, ambao bado walikuwa kwenye siki.

Jumapili walikuja watu wa wilaya, padri, bendi ya zimamoto, na Mama na Baba wakiwa wamevaa nguo za kanisani. Bwana Dolata alipanda jukwaani bila kutazama nyuma yake. "Ndugu wananchi, wekundu huu ulizaliwa na urembo wa watu wetu, na majirani wakaja kuazima kwetu..."

Mke wa mwenyekiti wa wilaya akaziba pua. "Jamani, nini kinanuka?"

Watu wakageuka. Wakaona sahani. Mwenye kofia ya manyoya akarudi nyuma akamkanyaga mpiga tarumbeta. "Hivi ni vitu gani? Vina miguu!" Wote wakanitazama mimi kwa sababu nilikuwa nimesimama kando ya sahani na ufagio.

Midomo ilikauka kama siku ile ya mtihani. Hapakuwa na wa kuniletea maji.

"Ni funza," nilisema.

"Sauti!" alipiga kelele mtu wa nyuma.

"Funza! Ndilo neno. Letu na la hao wote ukutani. Hakuna aliyeazima kwa mwenzake. Wote wametoka kwenye sahani hii."

Mmoja akacheka, kisha akaacha. Mke wa mwenyekiti alikuwa amefika kwenye shali. "Na haya maandishi ya Kirusi yanatafuta nini hapa?"

Bwana Dolata akashuka jukwaani, uso wake ukiwa na rangi ya maonyesho, akanyoosha mkono kulikunja pindo.

"Toa mkono wako, una mafuta ya samaki."

Alikuwa Mama. Sijui alifikaje pale. Alilichukua pindo, akalisogeza karibu na macho, akapitisha kidole gumba juu ya mishono yangu. Nilingoja anipige. Alisema, bila kunitazama, "Mbaya. Vinundu vyote nje. Mama hakufunga kinundu nje hata siku moja."

Akatoa sindano aliyoichomeka chini ya kola, ile anayotembea nayo kila mahali. "Una uzi mwingine?" Nilikuwa nao mfukoni. Akavuta kiti cha mlinzi, akaketi, akafumua herufi yangu ya kwanza na kuanza kuishona upya, hapohapo, na bendi na padri na wilaya nzima wakiwa wamesimama. Hakuhitaji kufuata matundu. Hakuhitaji kutazama karatasi. Mkono wake ulizijua zote tano.

Padri akamwuliza taratibu, "Ni jina la nani, mama?"

"Motria," alisema Mama, na mdomoni ana uzi. "Mama yangu. Anayetaka kupita apite, ananizibia mwanga."

Karibu nusu ya watu waliondoka. Mzee mmoja wa kutoka karibu na reli alibaki, akavua kofia, akasoma kadi zote kwa kidole, kisha akaninong'oneza kwamba nyumbani kwao pia kulikuwa na jina jingine. Hakuniambia ni lipi, wala sikumwuliza.

Bwana Dolata amekirudisha kibao upande wa kwanza mara mbili, na Mama amekwenda kukigeuza mara mbili. Barua yangu ya chuo ameiandika. Yote ni hii: "Huja kazini kwa wakati." Nitaipeleka hivyohivyo.

Nyumbani nilikuwa bado nasikia kinyaa kidogo, na nadhani Mama pia, kila mmoja kwa mwenzake na kwa nafsi yake. Lakini alipopakua chakula aliniambia nihame kwenye kiti cha Bibi, akakaa yeye.

Nilimsomea barua yako ya Septemba. Samahani, hukuniruhusu. Alisikiliza mpaka mwisho akauliza kama Otylia bado anakumbuka kuwatoa wadudu bila kukata mzizi, kwa sababu ile mimea ishirini na moja itahitaji mtu Juni ijayo na mimi nina mikono ya kuua. Nikamwambia akuulize mwenyewe.

Akachukua kalamu. Barua yake imo humu ndani. Ameifunga kwa gundi na juu yake ameshona msalaba kwa uzi uliobaki, kwa hiyo sijaisoma.

Zyta